Giza la Desemba Oulu, na nyumbani wanasubiri: mnapumzika vipi?

Binti_wa_Pangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nipo Oulu, kaskazini mwa Finland, nasoma uuguzi, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Ule wa kwanza nilikuwa mgeni, kila kitu kipya, theluji nikaipiga picha mpaka simu ikazima kwa baridi. Mwaka huu hali ni nyingine. Tangu Oktoba mwili umekuwa mzito. Nalala usiku kucha na naamka kama sijalala. Natamani mkate mweupe, biskuti, chai yenye sukari nyingi, na saa moja baadaye natamani tena. Simu za watu naziangalia zikiita mpaka zikatike. Hakuna aliyefariki, masomo yanakwenda, sijagombana na mtu. Ni uzito tu.

Baridi yenyewe nimeiweza. Kinachonishinda ni giza. Kwa wasiopajua huku, katikati ya Desemba jua linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana limeshazama. Hata likiwepo linapita chini chini juu ya miti, halipandi. Naingia zamu saa moja asubuhi ni usiku, natoka saa tisa ni usiku. Kwetu Pangani saa moja asubuhi jua limeshatoka na wavuvi wanarudi, ndipo siku inapoanza kuhesabiwa. Mwili wangu bado unahesabu vile.

Sasa suala lenyewe. Wenyeji kazini wanasema huu ndio wakati wa kupunguza mwendo. Wanawasha mishumaa, wanafuma soksi, wanaenda sauna, wanalala mapema. Mkuu wa zamu aliniambia kwa upole kabisa nijitunze. Nilimshukuru, lakini moyoni nikawa najiuliza nijitunze saa ngapi. Desemba ndiyo mwezi wenye keikka nyingi kuliko yote (zamu za kuitwa, kwa msio huku), kwa sababu kila mwenyeji anataka kukaa na familia yake. Jumapili na sikukuu zinalipwa maradufu. Na nyumbani Desemba ndiyo mwezi wa mahitaji. Mdogo wangu anaingia kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni: sare, godoro, sanduku, madaftari, nauli. Mama ana kliniki yake Tanga mjini. Kila simu inayoingia najua kuna jambo.

Kwa hiyo mwezi ambao mwili wangu hauna nguvu ndio mwezi wenye pesa, na ndio mwezi wa kuombwa. Siku ya mapumziko nikikaa kitandani najisikia nina deni.

Naomba mnisaidie kwa vitu halisi. Mnafanya nini, saa ngapi, na nyumbani mnawaambiaje? Tafadhali msinijibu kwamba nivae vizuri. Nguo ninazo.

---

Mgusii_Tampere

Pole sana dada. Nakuelewa kabisa, mimi natoka Kisii, na miezi ya Novemba ya hapa Tampere ilinifundisha mengi, ingawa sisi tuko kusini kwenu na tunapata mwanga zaidi kidogo.

Mambo mawili tu kutoka kwangu. La kwanza, toka nje wakati kuna mwanga, hata kama ni kijivu, hata kama ni dakika ishirini. Watu hudhani bila jua kuonekana hakuna faida. Jicho halihitaji kuliona jua. Nje siku ya mawingu kuna mwanga mwingi kuliko chini ya taa za darasani, zidisha mara kadhaa. Mimi mapumziko ya chakula cha mchana nilikuwa nayamalizia kwenye simu. Siku hizi nakula haraka, nashuka, nazunguka jengo na njia ya kandokando ya ziwa, narudi. Wenzangu Wafini hawashangai hata kidogo, nao wanafanya.

La pili, taa ya mwanga mkali, ile wanaiita kirkasvalolamppu. Tafuta iliyoandikwa 10,000 lux (lux ni kipimo cha mwanga) na usome wameandika ni kwa umbali gani, maana nyingine zinafikisha hicho kiwango ukiwa umeikaribia mno. Unaiweka mezani asubuhi unapokunywa chai, pembeni kidogo ya uso, kama nusu saa. Usiikodolee macho. Jioni usiiwashe, itakukosesha usingizi. Usinunue mpya kabla hujapita maktaba, kwa sababu baadhi ya maktaba zinayo kwenye chumba cha kusomea, utaijaribu bure. Halafu tazama kirppis, huko kwa mitumba zinapatikana kwa bei nafuu watu wakihama. Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye historia ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, amuulize daktari kwanza.

Na kitu kingine, kwa sababu uko kwa kibali cha mwanafunzi: ni wastani wa saa 30 za kazi kwa wiki. Najua unajua. Lakini Desemba keikka zikimiminika mtu husahau kuhesabu.

---

Mama_wa_Tuira

Marahaba mwanangu. Mimi ni wa Korogwe, kwa hiyo sisi ni wa mkoa mmoja, na naishi Tuira, ng'ambo ya mto tu kutoka mjini. Nimekaa Oulu miaka mingi, watoto wangu wamezaliwa hapa, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nimeisoma barua yako mara mbili. Nitakujibu kwa kirefu, uvumilie.

Kwanza uondoe hilo neno deni. Huo uzito una sababu mwilini. Mwanga unaoingia machoni asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, na homoni ya usingizi ishuke. Mwanga usipokuja, mwili unabaki njia panda, umeamka lakini haujaamka. Kwetu hatukuwahi kulijua jambo hili kwa sababu hatukulihitaji. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote wa mwaka na mchana mfupi kuliko yote haifiki hata saa moja. Hapa kiangazi mchana unakaribia muda wa saa ishirini na mbili, na Desemba unabaki saa tatu na nusu. Wenyeji waliozaliwa humu wanaanguka, sembuse wewe wa Pangani.

Kuna daktari anaitwa Norman Rosenthal. Mwaka 1984 yeye na wenzake kule Marekani ndio walioieleza sonona ya majira kitaalamu, na kuanza kuitibu kwa mwanga. Huyo bwana ni mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia New York akiwa kijana, na majira ya baridi ya huko ndiyo yaliyomfanya aone kwamba nguvu zake zinapungua na kurudi kwa kufuata mwanga. Nakwambia hivi ili ujue kwamba aliyelitambua jambo hili alikuwa mtu wa Afrika aliyehama, kama wewe, na hakujiita mvivu. Alikaa akalichunguza.

Pili, kabla ya kulaumu giza peke yake, kapime damu. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona wasichana wetu wakivumilia msimu mzima kumbe damu imepungua. Nenda kituo cha afya, au kwa kuwa ni mwanafunzi anzia huduma ya afya ya wanafunzi, waambie uchovu ulianza lini, waombe waangalie wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, na tezi ya shingo. Vitamini D nayo waulize. Ngozi yetu inahitaji jua refu zaidi kuitengeneza, na jua la Oulu kuanzia Oktoba mpaka Machi haliitengenezi kwa mtu yeyote. Mapendekezo ya hapa kwa mtu mzima asiyeipata ya kutosha kwenye chakula ni kidonge cha maikrogramu 10 kila siku miezi hiyo ya giza. Maziwa mengi ya dukani yameongezewa, na samaki wanayo. Mimi nanunua muikku, wale samaki wadogo wa maziwani, nawakaanga vilevile kama ambavyo ningekaanga vidagaa, nawala na ugali. Kidonge kinywe pamoja na chakula. Wala usimeze viwango vikubwa kwa kusikia mtu kasema, ikizidi sana inadhuru. Na ile taa aliyokuambia mwenzetu wa Tampere haitoi vitamini D, ile ni kazi ya macho na ubongo. Watu wengi huchanganya.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapo ndipo penye mzizi.

Unaingia saa moja, unatoka saa tisa. Desemba, zamu hiyo inaumeza mchana wote. Kwa nini usiombe zamu za jioni? Iltavuoro inaanza saa saba au saa nane mchana. Ina maana kuanzia saa nne na nusu mpaka unapoingia kazini, mwanga wote wa siku ni wako. Unaamka bila kukurupuka, unakaa na taa yako, saa tano unatoka nje unatembea, unarudi unakula chakula cha moto, unaenda kazini. Mimi Novemba, Desemba na Januari naomba jioni kadiri inavyowezekana, na nimefanya hivyo muda mrefu. Andika vuorotoive yako, yaani maombi ya zamu unazotaka, mapema. Orodha ya zamu kisheria lazima mpewe angalau wiki moja kabla haijaanza, kwa hiyo maombi yako yafike wakati msimamizi bado anaipanga. Usiombe kwa kuomba radhi. Mwambie tu kwamba giza linakuathiri na ungependa mchana uwe huru. Anaelewa, naye ni mtu wa hapa.

Na keikka, usiziache zote. Ninajua Januari ya nyumbani ilivyo. Ila tumia hesabu. Zamu moja ya Jumapili inalipa kama mbili za siku ya kawaida. Basi chukua ya Jumapili, ya Jumanne iache ipite. Chukua sikukuu moja, Krismasi au Mwaka Mpya, ile nyingine lala. Sikukuu zetu mwenyewe unazijua ziko lini, hivyo kufanya kazi siku ya Krismasi hakukunyimi ibada, na kunampa mwenzako wa Kifini nafasi ya kukaa na watoto wake. Naye atakukumbuka siku ya Idi ukihitaji kubadilishana zamu.

Lakini dawa yenyewe haiko Desemba. Iko Juni. Mkulima wa Korogwe hapandi mahindi kila mwezi, anafuata mvua, na msimu mwingine anakula alichoweka ghalani. Huku kwetu sasa mvua ni mwanga. Kiangazi wauguzi wa hapa wanaenda likizo zao zote kwa pamoja, na nyumba za wazee zinatafuta watu wa kushika nafasi kwa udi na uvumba. Wewe wakati huo huna masomo, mwili una nguvu, saa tano usiku kweupe. Fanya kazi wakati huo. Fungua akaunti ya pembeni, iandike jina la mdogo wako, na kuanzia mshahara wa Juni weka kidogo kidogo mle. Godoro na sanduku vinunuliwe kwa pesa ya Julai. Ikifika Novemba unajua Januari imeshalipwa, na ukikataa keikka ya Jumanne unakataa kwa moyo mweupe.

Mwaka huu umechelewa kwa hilo, najua. Mwaka huu gawa mahitaji. Muulize mama yako nini lazima kiwepo siku ya kuripoti shuleni na nini kinaweza kungoja Februari.

Kuhusu kupumzika kwenyewe. Nimejifunza kwa wazee ninaowahudumia. Hawa wamezaliwa humu, wengine walikulia kwenye nyumba zisizo na umeme, na hakuna hata mmoja anayeshindana na Desemba. Mmoja ana kiti chake dirishani. Mchana kukiwa na mwanga anakaa pale na kahawa yake, hafanyi kitu kingine, redio imezimwa. Giza likiingia anawasha mshumaa na kuchukua sindano zake za kufuma. Hajilaumu, wala hamsubiri mtu amruhusu. Usiku wa tarehe 6 Desemba, siku yao ya uhuru, saa kumi na mbili jioni wanaweka mishumaa miwili dirishani, nyumba kwa nyumba. Ukiwa huna zamu siku hiyo, tembea mtaani uone.

Na mkesha wa Krismasi nenda makaburi ya Intiö jioni. Najua kwetu mtu akikwambia twende makaburini usiku unamtazama mara mbili. Nenda tu, usiogope. Familia zinawasha mishumaa kwenye kaburi la kila mtu wao, kwenye theluji, na watu wanatembea polepole wakiongea kwa sauti ya chini. Mimi Muislamu, nakwenda kutazama na kuwaombea marehemu wangu kimya kimya. Narudi nyumbani moyo umetulia.

Mwisho, na hili nalisema kama mama. Uzito ni jambo moja. Ukianza kuona maisha hayana maana, au mawazo ya kujidhuru yakapita hata mara moja, usilibebe peke yako na usingoje kukuche. Namba ya dharura ni 112. Kwa ushauri wa haraka wa afya usiku na mchana kuna 116117. Na mimi nipo, niandikie ujumbe.

---

Wa_Bukavu_Turku

Dada, habari. Mama amesema yote ya mwili na ya kazi, mimi nitaongeza ya watu.

Mimi niko Turku, kusini-magharibi, karibu na bahari. Watu wanafikiri kusini ni rahisi. Lakini nyinyi Oulu muna theluji, na theluji inarudisha mwanga hata wa taa za barabarani. Hapa Novemba na Desemba mara nyingi ni mvua na matope, kila kitu cheusi. Baba wa familia kama mimi anaweza kukaa miezi miwili kazi, basi, kitanda, kazi, basi, kitanda, bila kuongea Kiswahili na mtu mzima yeyote isipokuwa kwenye simu. Na simu za nyumbani, unajua mwenyewe, mara nyingi zinakuja na habari za vita au za ugonjwa. Haziponyi kichwa.

Sisi wanaume wa Kivu hapa tulikaa, tukaamua. Jumamosi ya kila wiki kuanzia Novemba mpaka Februari, nyumba moja inapokea. Hakuna ajenda, hakuna mchango, hakuna mkutano wa chama. Unaleta unachoweza. Sombe ya barafu (kisamvu) iko kwenye maduka ya Waasia na ya Waafrika, fufu iko, na mtu akibahatika kuletewa sambaza, wale samaki wadogo, waliokaushwa kutoka Ziwa Kivu siku hiyo ni sherehe. Tuliweka sharti moja: mtu akikosa Jumamosi mbili, wawili wanaenda kumgongea mlango. Hatumpigii simu, tunamgongea. Kwa sababu aliyeelemewa hashiki simu, wewe mwenyewe umesema unaziangalia zikiita.

Ninakuomba utafute watu wako hivyo. Wasiwe wengi. Hata wawili.

Na kuna kitu cha Turku ninakipenda sana, nikueleze. Tarehe 24 Desemba saa sita kamili mchana, kwenye uwanja wa zamani, mtu wa jiji anatoka kwenye roshani ya nyumba ya Brinkkala na kusoma tangazo la amani ya Krismasi. Ni desturi ya tangu Zama za Kati. Anawaambia watu waishike sikukuu kwa utulivu, na atakayevuruga amani ana adhabu yake. Watu wamejaa chini wamevaa makoti, wanasikiliza kimya. Baadaye maduka yanafungwa, mabasi yanapungua, jiji lote linanyamaza. Mimi natoka mahali ambapo amani tunaiomba kila siku, ninasimama pale na watoto wangu na ninalia, sioni haya. Jiji linawaamuru watu wake wapumzike. Na wewe uko ndani ya nchi hiyo, amri hiyo inakuhusu.

---

Binti_wa_Pangani

Sijui niwashukuru vipi. Nimesoma nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo.

Mama wa Tuira, ya zamu za jioni haikuwahi kunijia kabisa. Nitaandika maombi kesho. Damu pia nitapima wiki hii.

Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza, sauna. Jengo letu linayo chini, wenzangu wananialika, nami naona haya. Je, inasaidia kweli au ni mila yao tu? La pili ndilo zito. Mama yangu nikimwambia naumwa giza, atalia na hatalala. Nikimwambia sina pesa, watu watasema nimebadilika. Naanzia wapi?

---

Mdogo_mtu_Iringa

Samahani kuingilia, mimi sipo ughaibuni. Nipo Iringa. Kaka yangu yuko Sweden, nami ndiye ninayepokea pesa anazotuma na kuzigawa. Nataka kukujibu hilo la pili nikiwa upande wa huku.

Dada, hatujui. Ndiyo ukweli. Tunaona picha ya theluji na koti zuri, tunajua baridi, kwa sababu hata sisi huku Juni na Julai tunaota moto na kupumua moshi mdomoni. Lakini siku isiyokucha hatuwezi kuiwaza. Kaka alipotueleza kwamba anakwenda kazini usiku na kurudi usiku, na mchana wenyewe anausikia tu kupitia dirisha la ghala, baba alinyamaza kisha akauliza, "Sasa kuku wanajuaje muda wa kuwika?" Alikuwa anauliza kweli. Kaka akamfungulia kamera saa tisa alasiri, akamwonyesha dirishani. Baba akaona taa za barabarani zinawaka. Tangu siku hiyo hajampigia Desemba kuomba kitu, anampigia kumuuliza kama amekula.

Kilichotusaidia zaidi ni kuambiwa mapema. Septemba kaka alitupigia sote, akataja kiasi atakachotuma mwezi kwa mwezi mpaka Februari, akasema hakitazidi hapo, na harusi au vikao vinavyokuja tumwambie baada ya Machi. Hatukukasirika. Tulikaa tukapanga. Mimi niliuza mahindi mapema kidogo, shangazi akabeba sare za watoto. Tukaweza. Kinachotuchosha huku ni kungoja bila kujua, mtu hapokei simu, halafu usiku wa manane pesa inaingia bila neno. Tunabaki tunajiuliza amekasirika au anaumwa.

Mfungulie mama kamera saa tisa. Muonyeshe nje. Usitumie neno kuumwa, mwonyeshe tu, halafu mwambie unachofanya: unapima damu, unabadilisha zamu, umepata mama wa Korogwe hapo mjini. Mama akijua kuna mtu mzima wa kwao karibu nawe atalala.

---

Mama_wa_Tuira

Mwanangu wa Iringa, Mungu akuzidishie. Sina la kuongeza hapo. Binti, mpe mama yako namba yangu, aniite mwenyewe nimtoe wasiwasi.

Kuhusu sauna. Wewe usiende kwenye ile ya pamoja kama huna raha nayo. Waombe wenye jengo saunavuoro, saa yako ya wiki, inalipiwa pesa kidogo kwa mwezi na mlango unafunga mwenyewe kwa ndani. Ile ya pamoja nayo wanawake wako saa zao na wanaume saa zao, hawachanganyiki. Jifunge kanga yako, kaa benchi la chini ambako joto si kali, mwaga maji kidogo tu kwenye mawe. Dakika chache, toka upumue, rudi ukitaka. Kunywa maji mengi. Usiingie na njaa. Inasaidia, ndiyo. Mwili unapata joto mpaka kwenye mifupa, misuli iliyonyanyua wazee wiki nzima inalegea, simu iko nje, na usiku huo utalala usingizi wa kweli. Mimi yangu ni Alhamisi, na siibadilishi kwa keikka ya namna yoyote. Binti yangu mkubwa ndiye tunayeingia naye, na humo ndimo ananieleza mambo yake ya shule, kuliko mezani.

Jingine nilisahau. Likizo usiibane yote uende nayo nyumbani mara moja. Ukishaajiriwa, sehemu ya likizo ya mwaka huchukuliwa majira ya baridi. Weka wiki moja mwishoni mwa Januari au Februari, ulale, ukae tu. Mwanga unakuwa umeanza kurudi, mwishoni mwa Januari mchana unapita muda wa saa sita, lakini mwili ndio umechoka kuliko wakati wowote. Watu wengi hudhani Desemba ikipita wamevuka, wakajaza zamu, wakaanguka Februari.

Jumamosi hii mimi niko mapumziko. Njoo, nitakutumia anwani kwenye ujumbe wa faragha. Fika saa tano kamili asubuhi, usichelewe, tutoke kwanza tutembee Hietasaari kukiwa bado kuna mwanga, ndipo turudi tule. Nazi ninazo, wali napika mimi. Wewe njoo na samaki.